Kuvua na kutembea kwa boti Ziwa Victoria kutokea Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ikifika Mei simu yangu inaanza kuita. Shemeji wa Dar anataka sangara mkubwa, rafiki wa Arusha anauliza kama watoto wataweza, mwingine ameona picha ya mtu kakumbatia samaki saizi ya mbuzi na anataka wa kwake. Nakaa Kirumba. Zamani nilikuwa nanunua samaki mialoni, yaani ufukweni wanakoshushia wavuvi, siku hizi napeleka wageni visiwani. Majibu yale yale nimechoka kuyatoa kwa simu huku vocha ya mtu inakatika, kwa hiyo nimeyaandika.

Nije mwezi gani?

Juni hadi Septemba. Mvua hakuna, barabara za vumbi kwenda mialoni zinapitika, na anga linasomeka. Masika, yaani Machi hadi Mei, ndiyo miezi ambayo mimi mwenyewe hupunguza safari. Vuli ya Oktoba hadi Desemba ni ya kuvizia: wiki nzuri, wiki mbaya.

Ila usidhani kiangazi ni utulivu. Upepo wa kusi hupiga miezi hiyo, na ziwa hili lina tabia yake. Kwa upana ni zaidi ya kilomita za mraba 68,000, lakini kina chake kirefu kabisa hakifiki mita 90. Maji mapana yenye kina kifupi hutoa mawimbi mafupi, ya karibu karibu, yanayogonga boti kama mtu anayepiga hodi kwa hasira. Waliozoea bahari ya Bagamoyo hushangaa sana kukuta "bwawa" linawatapisha.

Tuondoke saa ngapi?

Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, na upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana jua likichoma mawe ya Mwanza mambo hugeuka, upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu. Kiangazi, muda mzuri ni kati ya saa 12 asubuhi na saa 5. Kuanzia saa 7 mchana utaanza kuona vichwa vyeupe vya mawimbi kwa mbali. Ukiviona, mshipi unakunjwa.

Msimu wa mvua hesabu ni nyingine. Pepo za usiku hutoka pande zote za ziwa, zinakutana katikati, zinausukuma juu unyevu, na radi hupiga zaidi kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Ndiyo maana wavuvi wa dagaa, ambao kazi yao ni ya usiku, ndio huumia zaidi na dhoruba. Kwa hiyo Aprili usiondoke saa 10 alfajiri eti kwa sababu ufukweni ni shwari. Subiri kupambazuke, utazame upande wa magharibi na kaskazini, usikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha umuulize nahodha. Mzee mmoja wa Kikerewe ninayetembea naye huwa hatazami hata simu. Anatazama minandi, wale ndege weusi wanaopiga mbizi kuvua. Wakirudi kwenye miamba mapema kuliko kawaida, yeye anaanza kufunga kamba za turubai.

Kwa nini nahodha aliniuliza habari za mwezi wa angani?

Kwa sababu ya dagaa. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, zamani karabai, sasa nyingi ni za sola. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, na wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu na kukalafati mitumbwi, yaani kuziba nyufa zake. Siku hizo ni rahisi kupata boti na watu wa kukupeleka. Ukitaka kuona lile ziwa lililowashwa taa, kama kuna mji wa pili juu ya maji, chagua siku za giza, ukae juu ya jiwe lolote refu kuanzia saa 2 usiku. Huhitaji hata kupanda chombo.

Boti gani nikodi, na nikague nini?

Nyingi ni za mbao, chache ni za faiba. Mbao siyo tatizo, tatizo ni mbao iliyochoka. Kabla ya kutoa hela panda ndani boti ikiwa majini, kaa dakika kumi, kisha tazama chini. Maji ya kopo moja ni kawaida. Yakifika kwenye vifundo vya miguu, kalafati imekufa, mshukuru mwenye boti na uende kwa mwingine.

Chombo kinachobeba abiria kinatakiwa kiwe kimesajiliwa na kukaguliwa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini. Omba kuona karatasi, na usione aibu, mwenye nazo huzitoa haraka. Hesabu majaketi okozi, moja kwa kila kichwa, na lijaribu la kwako, maana mengine kamba zake zimeoza zinakatika kwa kuvuta tu. Uliza kama kuna injini ya pili, hata ndogo. Kama hakuna, makasia mawili yawepo. Nanga iwe na kamba ndefu. Halafu lipo swali ambalo huwa naliuliza mwisho, kwa upole: "Spana ya plagi iko wapi?" Nahodha anayeitoa chini ya kiti bila kutafuta, huyo ni wako.

Gharama zikoje?

Bei ya kukodi huwezi kuijua hadi uongee na mwenye boti, na hubadilika kwa msimu, umbali na sura yako. Ila kitu kikubwa kwenye bei ni mafuta, na hayo unaweza kuyahesabu mwenyewe. Mashine ya nguvu farasi 15 ikikimbizwa hula takriban lita 5 hadi 6 kwa saa. Ya 40 hula takriban lita 15. Kadiria saa za safari, zidisha, kisha ongeza theluthi moja kwa ajili ya upepo wa kurudi. Mtu akikutajia mafuta pungufu ya hapo, anakupa bei nzuri ya kwenda tu.

Lipa nusu, nusu ukirudi. Mafuta yanunuliwe ukiwepo, uone dumu linajazwa. Chakula cha nahodha na msaidizi wake ni juu yako. Watu wa bara husahau hili, kisha wanashangaa kwa nini nahodha amenuna.

Nahitaji leseni?

Ndiyo. Uvuvi unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003, na hata anayevua kwa burudani anatakiwa kuwa na kibali. Anza kwa afisa uvuvi wa halmashauri unakokwenda. Ndani ya hifadhi za taifa utaratibu ni wa TANAPA, na kibali cha nje hakikusaidii.

Ukifika mwalo wowote mgeni huripoti kwa uongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinacholinda rasilimali za eneo lao. Dakika tano za salamu pale zinakuondolea maswali ya siku nzima. Asubuhi sema "mwangaluka" hata kama Kisukuma chako kinaishia hapo.

Vipimo navyo ujue: sangara wa chini ya sentimita 50 na sato wa chini ya sentimita 25 hawaruhusiwi. Beba futi ya fundi cherehani. Na mtu akikukodisha kokoro "mjivutie wenyewe pwani", kataa. Ni zana haramu, inazoa hadi watoto wa samaki.

Nitampata kweli sangara mkubwa?

Labda. Sangara anaweza kufika urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200, lakini hao wa kilo 100 wa kwenye picha za zamani ni nadra sasa. Samaki huyu si mwenyeji wa ziwa. Aliletwa miaka ya 1950 na 1960, akalipuka miaka ya 1980, akala furu, wale samaki wadogo wenyeji wa ziwa, hadi aina nyingi zikatoweka, kisha binadamu naye akamla yeye. Nyavu, viwanda vya minofu, na sasa mabondo, kile kifuko cha hewa cha tumboni ambacho wanunuzi wanakigombea kuliko nyama yenyewe. Ukipata wa kilo 10 hadi 20 umefanya siku.

Tafuta penye miamba inayoshuka ghafla majini, kwenye ncha za visiwa. Boti iende taratibu huku chambo bandia cha urefu wa kiganja kikiburutwa nyuma, mita 30 hivi. Au tia nanga, shusha gogogo au furu akiwa hai. Sangara hana meno ya kukata, mdomo wake ni kama msasa, lakini hatari iko kwenye mashavu: kifuniko cha tamvua kina ukingo kama wembe. Nailoni ya mwisho iwe nene, na usiingize vidole pale. Nina kovu la sentimita tatu kwenye kidole gumba linaloweza kukuthibitishia.

Akikamata utajua. Kwanza mshipi unakuwa mzito kama umenasa jiwe. Halafu jiwe linaanza kutembea. Akipanda juu anarusha kichwa nje ya maji, anakitikisa kushoto na kulia, mdomo wazi kama ndoo, na hapo ndipo ndoano nyingi huchomoka. Usilegeze mshipi.

Ushauri wangu ambao wengi hawaupendi: majike makubwa yarudishe. Ndiyo yenye mayai mengi. Mpige picha akiwa majini kando ya boti, mwachie haraka, maana akitolewa kinani ghafla kifuko chake cha hewa huvimba na kila dakika ya kukaa naye inapunguza uwezekano wa kuishi. Kitoweo chukua wa katikati.

Na sato?

Sato ni wa subira. Karibu na matete, ndoano ndogo, chubwi nyepesi (kile kizito cha kushusha mshipi), minyoo au donge la ugali. Mtoto wa miaka minane wa kisiwani atakushinda kwa ufito wa mti na uzi wa kiroba, zoea tu.

Nichague Ukerewe au Rubondo?

Ni safari mbili tofauti kabisa.

Ukerewe ni kisiwa cha watu: mashamba ya mihogo na michungwa, soko la Nansio, baiskeli. Meli kutoka Mwanza huchukua takriban saa tatu, au unazunguka kwa gari kupitia Bunda na kuvuka kwa kivuko cha Kisorya. Unakodi mtumbwi hapo hapo Nansio, unavua Ghuba ya Speke, jioni unalala nyumba ya wageni yenye chandarua. Ukiwa na siku ya ziada vuka hadi Ukara ukaone lile jiwe linalocheza. Kwa mwenye bajeti ndogo, na kwa anayependa stori kuliko samaki, nampeleka Ukerewe bila kufikiri.

Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, kilomita za mraba 456, na karibu nusu yake ni maji. Wavuvi wa biashara hawaruhusiwi, samaki huzaliana humo, na ndiyo maana mwenye ndoto ya sangara mkubwa aende huko. Kuna tembo, twiga, nzohe, yule swala anayejificha kwenye matete, na sokwe waliotokana na 17 walioletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969. Hebu fikiri: sokwe aliyekulia kwenye kizimba cha Ulaya anafunguliwa kisiwani Ziwa Victoria na kuambiwa haya, jitafutie. Wakajitafutia.

Kwenda huko kumerahisika. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi linatumika, kwa hiyo ile foleni ya kivuko iliyokuwa inakula nusu ya asubuhi imekwisha. Unapita Sengerema, Geita, halafu ama Nkome ama unaendelea hadi Kasenda upande wa Chato. Kutoka Kasenda majini ni karibu zaidi, na mimi huchagua huko hata kama barabara ni ndefu. Boti na malazi panga na hifadhi kabla ya kuondoka Mwanza. Jambo moja: kuna mbung'o. Usivae bluu wala nyeusi, rangi hizo zinawaita.

Nina siku moja tu Mwanza.

Panda boti ya hifadhi pale Capri Point uende Saanane, dakika chache tu. Palianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na pakawa hifadhi ya taifa 2013. Mchana kakae Mwaloni Kirumba uone dagaa wanavyopakiwa kwa magunia, kisha ule sato.

Ninaweza kuogelea?

Kichocho kipo. Konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia ya ukingoni, kwenye majani na matete, hasa karibu na makazi ya watu, na minyoo yake hupenya ngozi bila kukuuma. Maji ya kina mbali na ufuko yana hatari ndogo, si sifuri. Kama ulikanyaga maji mwaloni wakati wa kupanda boti, na utakanyaga tu, jifute haraka kwa taulo, kisha nenda kapime baada ya wiki sita hadi nane. Dawa ipo na inatibu. Mambo ya "mimi naoga hapa tangu utoto" waachie wenyeji, wengi wao wanatembea nacho.

Mamba na viboko wapo pia. Usikae ukingoni jioni ukiosha samaki.

Sijui kuogelea. Nibaki?

Hapana. Vaa jaketi tangu ufukweni, na usilivue ukiambiwa "tumeshafika".

Hilo la "tumeshafika" silisemi kwa utani. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa karibu kabisa kutia nanga Ukara, watu wamesimama tayari kushuka. Walikufa zaidi ya 220. Kabla yake, 21 Mei 1996, ilizama MV Bukoba ikija Mwanza, na waliokufa walikuwa mamia. Wengi wamezikwa Igoma. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimezidisha. Ukiona boti imejaa kupita kiasi, shuka. Nauli iliyopotea haina uzito wowote.

Watoto?

Kuanzia miaka saba hivi, safari isizidi saa mbili, na jaketi liwe la saizi yao. La mtu mzima litampita mtoto kichwani.

Tutakula nini?

Samaki, na ugali wa muhogo. Nahodha atawasha jiko la mkaa juu ya bati lenye mchanga katikati ya boti, sato aliyekatwa mistari mitatu kila ubavu, chumvi, ndimu, basi. Beba maji ya kunywa ya kutosha, lita tatu kwa mtu kwa siku, maana kuna kejeli ya kuwa katikati ya maji yote yale na kiu. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga ni vitafunio vizuri kuliko biskuti, haviogopi kulowa sana. Ukiwa na tabia ya kichefuchefu, kaa nyuma ya boti, tazama nchi kavu ya mbali, tafuna tangawizi.

Wale wanaofanana na moshi juu ya maji ni nini?

Visubi. Wanapanda kutoka ziwani kwa mamilioni, mawingu marefu kama moshi wa tanuri. Hawaumi. Funga mdomo, funika sufuria.

Simu inashika?

Karibu na nchi kavu na visiwa vikubwa, ndiyo. Katikati inakuja na kupotea. Mwachie mtu wa nchi kavu jina la boti, njia mnayopita na saa ya kurudi. Namba za dharura ni 112 polisi na 114 zimamoto na uokoaji. Simu na nguo kavu ziweke kwenye ndoo ya lita 10 yenye mfuniko wa kubana. Ni bora kuliko begi lolote la bei mbaya, na ikianguka majini inaelea.

Nirudi na samaki nyumbani vipi?

Deli na barafu ya mabonge, siyo ya chenga. Toa matumbo, usimwoshe tena, mpange tumbo chini. Kitoweo cha nyumbani hakina shida. Mzigo mkubwa unahitaji kibali cha kusafirisha. Basi la Dar, zungumza na kondakta kabla ya deli kuanza kuvuja, siyo baada.

Nahodha amekataa kuondoka na nimeshalipa. Nifanye nini?

Kunywa chai.

Mimi niliwahi kubishana na mmoja. Tulikuwa upande wa kisiwa cha Kome, wageni wanne wa kutoka Dodoma, siku nzima tumepata sangara wawili wadogo. Saa 11 na nusu jioni nahodha akasema tunarudi. Nikamwambia, "Mzee wangu, mzunguko mmoja tu, wageni wametoka mbali." Akanitazama, akawasha mashine, hakusema kitu. Mzunguko ukawa mitatu. Jua likazama, na ziwani jua likizama giza halina subira. Tukiwa tunarudi, mashine ikakoroma na kuzima. Nahodha akaiinua: panga la mashine limeviringishiwa wavu wa makila, ule wa kutegwa na kuachwa, hadi halionekani. Watu walikuwa wameshatega. Vidumu vyao vyeupe vya kuelea mchana ungeviona kwa mbali, usiku hapana.

Alikata nyuzi kwa kisu cha samaki kwa zaidi ya saa moja, mimi nikimmulikia kwa simu, wimbi likitugeuza ubavu. Mwenye wavu akaja na mtumbwi wake kwa kasia, kimya, tochi kichwani. Alichosema kwanza ni "shikamoo" kwa mzee, siyo tusi kwangu, na hapo ndipo nilipoona aibu kamili. Tulilipa vipande viwili vya nyavu. Akatuvuta hadi kambini kwake, tukalala juu ya magunia ya dagaa, wageni wangu wa Dodoma na viatu vyao vyeupe. Asubuhi mkewe akatupa uji na furu wa kukaanga, akakataa hela. Nahodha alikuwa ameshaamka zamani, amekaa ukingoni, anatazama minandi.